Kumi na Moja kwa Kumi na Moja: Uchaguzi Uliokosa Mshindi Visiwani

Januari 1961 jimbo la Chake Chake, Pemba, lilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Afro-Shirazi Party (ASP) ndiyo iliyolichukua, na kwa kiti hicho ikafikisha viti 10 katika Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar. Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho wengi walikiita Hizbu, kilipata viti 9. Vitatu vilivyosalia vilikwenda kwa chama kichanga chenye ngome yake Pemba, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP), cha Sheikh Muhammad Shamte Hamadi. Viti vyote vilikuwa 22. Ili kuunda serikali ilibidi mtu apate 12, na hakuna aliyekuwa navyo.

Kwa msomaji aliye Bahi, mkoani Dodoma, jambo hili linahitaji kuelezwa taratibu, maana bara halijapata kupitia kitu cha namna hiyo. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Agosti 1960, TANU ilijinyakulia viti 70 kati ya 71 vya Tanganyika. Kile kimoja kilichoiponyoka, cha Mbulu, alikipata Herman Sarwatt, mgombea binafsi ambaye mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Kuanzia 1965 mpiga kura wa Ugogo aliingia kituoni akachagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili wa chama kimoja. Uchaguzi huo haukuwa mchezo, kwani mwaka huohuo wa 1965 Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa na wapiga kura wa Mwanza. Lakini swali la nani ataunda serikali halikuwapo. Kizazi kizima cha Bahi, Kigwe na Chipanga kilikua kikijua kwamba mbunge anaweza kung'oka, ila chama tawala kiko palepale.

Waingereza waliousimamia uchaguzi wa Zanzibar hawakuwa na kisingizio cha ugeni. Kwao jambo hili lilikwisha kutokea zaidi ya mara moja. Desemba 1923 chama cha Conservative cha Stanley Baldwin kiliongoza kwa viti lakini hakikufikia nusu ya Bunge, na mwezi uliofuata Ramsay MacDonald akaunda serikali ya kwanza ya Labour katika historia akiwa na viti 191 tu, kwa sababu Waliberali walikubali kumwachia njia. Mwaka 1929 ikawa vilevile: Labour mbele, bila wingi.

Hata baada ya bendera yao kushushwa Unguja waliendelea kuyaona hayo nyumbani. Februari 1974 Edward Heath wa Conservative alipata kura nyingi kuliko Harold Wilson wa Labour nchi nzima, lakini akaambulia viti 297 dhidi ya 301 vya Wilson. Heath hakuondoka siku ileile. Alibaki ofisini siku kadhaa akizungumza na Jeremy Thorpe, kiongozi wa Waliberali, na mazungumzo yalipokwama akajiuzulu tarehe 4 Machi. Wilson akatawala bila wingi, Oktoba akaitisha uchaguzi mwingine na kupata wingi wa viti vitatu. Mei 2010 David Cameron alipata viti 306 wakati wingi ulihitaji 326. Gordon Brown aliendelea kuwa Waziri Mkuu kwa siku tano huku vyama vikijadiliana, hadi viti 57 vya Nick Clegg wa Liberal Democrats vilipoungana na vya Cameron wakaunda serikali ya mseto iliyodumu miaka mitano. Mwaka 2017 Theresa May alipoteza wingi wake akaokolewa na wabunge 10 wa chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini.

Katika visa vyote hivyo hakuna duka lililovunjwa wala mtu aliyeuawa kwa sababu ya hesabu ya viti. Utaratibu ulijulikana: aliyeko madarakani hubaki mpaka ijulikane nani anaungwa mkono na wabunge walio wengi, watumishi wa serikali huendelea na kazi, na aliyeshindwa anajua kwamba baada ya miaka michache, pengine miezi, ataomba kura tena.

Zanzibar haikuwa na uhakika huo. Uchaguzi wa Januari 1961 ulifanyika wakati uhuru unanukia, na kila upande uliamini kwamba atakayekutwa kwenye kiti siku bendera inapandishwa hatatoka tena. Nyuma ya viti 22 kulikuwa na mashamba ya mikarafuu, na maskwota waliolima chini ya miti ya wenye mashamba. Kulikuwa na ajira za serikali, na kumbukumbu ya utumwa ambayo wazee walikuwa bado wanaibeba. Tangu uchaguzi wa kwanza wa 1957, Abeid Amani Karume, kiongozi wa ASP, alipomshinda Ali Muhsin Barwani wa ZNP jimbo la Ng'ambo, siasa ilikuwa imeingia mpaka uani. Watu walisusiana maduka. Walisusiana mabasi. Katika baadhi ya vijiji walisusiana hata mazishi, jirani akakataa kubeba jeneza la jirani kwa sababu ya kadi ya chama. Baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza maskwota waliopigia kura upande mwingine. Wazanzibari wanaiita miaka hiyo zama za siasa, na wenye kuzikumbuka hawazitaji kwa furaha.

Walikuwapo waliojaribu kuzuia mpasuko huo. PAFMECA, umoja wa vyama vya ukombozi ulioundwa Mwanza Septemba 1958, ulivisukuma ASP na ZNP vikae pamoja, na kwa muda vikakaa katika kamati moja ya kudai uhuru. Suluhu hiyo ndiyo iliyozaa mpasuko mwingine. Ndani ya ASP viongozi wa Kishirazi, Muhammad Shamte na Ameri Tajo wakiwa mbele, hawakuridhika na mwenendo wa chama. Mwisho wa 1959 walijitenga wakaanzisha ZPPP. Kwa hiyo viti vitatu vilivyokuja kuamua hatima ya visiwa Januari 1961 vilitoka katika ubavu wa ASP yenyewe.

Matokeo yalipojulikana, vyama vyote viwili vikubwa viliwakimbilia wale watatu, nao wakagawanyika. Shamte na mwenzake mmoja walikwenda kwa ZNP. Wa tatu, Ali Sharif Musa, akarudi kwa ASP. Jumla: 11 upande huu, 11 upande ule. Ni vigumu kufikiria hesabu mbaya zaidi ya hiyo kwa nchi iliyokwisha gawanyika vile. Waingereza waliweka serikali ya mpito wakatangaza uchaguzi mwingine ufanyike Juni. Ili sare isijirudie, wakaongeza jimbo moja Pemba, viti vikawa 23.

Hapo ndipo penye lawama. Tatizo la Zanzibar lilikuwa watu kutoaminiana, na dawa iliyoletwa ilikuwa ya hesabu: witiri badala ya shufwa. Miezi minne na nusu ilipita kati ya uchaguzi na uchaguzi, na miezi hiyo ilitumika kuchochea zaidi. ZNP na ZPPP walikubaliana kuachiana majimbo ili kura zao zisigawanyike. ASP iliyaona mapatano hayo kama njama ya kuipora haki yake.

Tarehe 1 Juni 1961 watu walijipanga kupiga kura, na asubuhi hiyohiyo fujo zikaanza mjini, kwenye foleni, kwa tuhuma za wizi wa kura. Kesho yake zikahamia mashamba. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu waliokuwa wakiishi vijijini, na mamia wakajeruhiwa. Askari wa King's African Rifles waliletwa kutoka bara kuja kutuliza. Baadaye tume ya Sir Stafford Foster-Sutton ilikuja kuchunguza na kuandika ripoti yake.

Kura zenyewe zilisemaje? ASP viti 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii watatu wa ZPPP walikuwa kitu kimoja, wakaungana na ZNP, na Muhammad Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa Waziri Kiongozi. ASP ilikuwa imepata karibu nusu ya kura zote.

Julai 1963 hesabu iliuma zaidi. Viti sasa vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, jumla 18, serikali ikawa yao. Siri ilikuwa katika mahali kura zilipolala: ASP ilishinda kwa maelfu huko Ng'ambo na katika majimbo ya mashamba ya Unguja, ambako kura za ziada hazikuongeza kitu, wakati muungano wa ZNP na ZPPP ulikuwa ukichukua majimbo mengi kwa tofauti ndogo, hasa Pemba. Ni mfumo uleule uliomnyima Heath mwaka 1974. Heath alirudi kwenye kiti cha upinzani. Unguja haikumpa aliyeshindwa kiti cha kustahimilika. Uhuru ulitolewa tarehe 10 Desemba 1963, na serikali ya Shamte iliishi mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 12 Januari 1964 ikapinduliwa. Waliokufa katika siku zile walikuwa wengi mno, na familia zao, Unguja, Pemba na Oman, zina haki ya kuwakumbuka bila kuulizwa mababu zao walikuwa chama gani.

Uganda ilipita njia iliyofanana mwanzoni. Aprili 1962 Milton Obote aliingia madarakani kwa kukiunganisha chama chake cha UPC na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa mfalme wa Buganda, vyama viwili visivyokuwa na shabaha moja ila kumzuia Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha DP. Muungano huo haukudumu, na Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia ikulu ya Kabaka huko Mengo.

Visiwani swali lilirudi mara tu vyama vingi viliporudi. Oktoba 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, na katika Baraza la Wawakilishi CCM ilipata majimbo 26, CUF 24. Kwa miaka kumi na mitano kila uchaguzi ulikuja na hofu. Kilichobadili mambo ni maridhiano ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo theluthi mbili hivi ya waliopiga kura waliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Miezi mitatu baadaye Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1, wembamba uleule wa 1995, na Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu walilala majumbani mwao. Tofauti ilikuwa moja: safari hii aliyeshindwa alijua mapema atakaa wapi. Mwaka 2015 uchaguzi ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na mpango huo ukasimama mpaka Desemba 2020.

Kutoka Bahi hadi ukumbi wa Bunge Dodoma ni safari fupi kwa basi la barabara ya Singida, na ndani ya Katiba ambayo wabunge huapa kuilinda mna ibara ya 51, ambayo wengi huipita bila kusimama. Inasema Rais, ndani ya siku 14 tangu kushika madaraka, atateua Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi. Na kama hakipo chama cha namna hiyo, atamteua mbunge anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Mteuliwa hashiki kazi mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Waliotunga ibara hiyo walikwisha waza kwamba iko siku ukumbi ule utakosa mwenye wingi.

Kwa upande wa urais, mlango wa swali hilo ulifungwa mwaka 2000. Kabla ya hapo mshindi alitakiwa kuvuka nusu ya kura halali. Mabadiliko ya mwaka huo yakamruhusu yeyote anayeongoza atangazwe, hata kwa theluthi ya kura. Kenya iliamua kinyume chake katika Katiba yake ya 2010, ikataka nusu na kura moja zaidi, na mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alivuka mstari huo kwa asilimia 50.07. Wagombea wakiwa wengi, Rais wa Tanzania anaweza kupatikana huku wapiga kura walio wengi wakiwa wamewachagua wengine, na Rais huyohuyo ndiye ibara ya 51 inamkabidhi kazi ya kumtafuta Waziri Mkuu katika Bunge lililogawanyika. Ibara haisemi vyama vikutane wapi, vizungumze kwa siku ngapi, wala nani awaite. Zanzibar iliandika mwaka 2010 aliyeshindwa atakaa wapi, miaka 49 baada ya Chake Chake. Bara bado halijaandika kitu cha namna hiyo.