Kipimajoto Kilichopima Upepo wa Ndani

Katika karne ya 19, wataalamu wa Ulaya walijua kwamba watu wakijazana chumbani huumwa kichwa na kuishiwa nguvu, ila hawakuafikiana juu ya sababu. Max von Pettenkofer wa Munich alitumia kaboni dioksaidi kukadiria uchafu wa hewa, akaweka kikomo cha sehemu 1 kwa kila 1,000. Miaka ya 1880, Brown-Séquard na d'Arsonval wa Paris walidai kwamba pumzi ya binadamu ina sumu yake. Waliorudia majaribio yao hawakuiona sumu hiyo.

Jibu lenye uzito zaidi lilitoka Breslau mwaka 1905, katika maabara ya Carl Flügge. Mtu alifungiwa ndani ya kijichumba mpaka akataabika. Alipovuta hewa ya nje kwa mrija hakupata nafuu, na aliyekuwa nje akivuta hewa ya ndani hakudhurika. Leonard Hill wa London naye aliwafungia wanafunzi hadi njiti za kiberiti zikakataa kuwaka. Feni zilipowashwa walipata nafuu, ingawa hewa ilikuwa ileile. Basi kilichowatesa zaidi ni joto ambalo mwili ulishindwa kulitoa.

Sasa ilibidi mwendo wa hewa upimwe. Kipimaupepo cha mapanga hakikufaa, kwa kuwa msuguano hukisimamisha hewa inapotambaa polepole, na ndani ya chumba hewa haishiki mwelekeo mmoja. Hill akaamua kupima upoaji. Chombo chake, kata, alichokieleza pamoja na wenzake mwaka 1916, kilikuwa kipimajoto cha spiriti chenye tumba kubwa. Mpimaji alikichovya katika maji ya moto, akakifuta kikauke, akakitundika, kisha akahesabu sekunde kilizochukua kushuka kutoka nyuzi 100 hadi 95 za Farenhaiti. Kwa joto lilelile la hewa, sekunde zikiwa chache, hewa inakwenda kasi. Na kila kata ilichorwa namba yake ya kukokotolea, kwa sababu matumba hayakulingana.

Miaka miwili kabla, L. V. King wa Montreal alikuwa ameeleza namna ya kupima upepo kwa waya mwembamba wa platini uliopashwa moto kwa umeme. Njia hiyo ndiyo iliyotawala maabara baadaye, maana waya huonyesha mabadiliko papo hapo, ilhali kata hutoa wastani tu. Kwangu mimi wastani huo haukuwa udhaifu, kwani mtu aliyeketi chumbani naye hupoa kwa wastani. Udhaifu halisi vyombo vyote viwili vinao: hewa ikitulia kabisa, joto la chombo chenyewe huipandisha juu, na chombo kikaanza kupima upepo kilioutengeneza.