Dungu Halina Dirisha

Mama yangu anaishi Mchombe, Bonde la Kilombero, kwenye ile barabara itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Masika yaliyopita alinipigia simu akiwa amesimama juu ya kichuguu, maana shambani kwake mtandao hauonekani pengine popote, akalalamika kwamba mbu wa mwaka huu wamezidi. Mimi, mtoto msomi wa mjini, nikaingia kazini. Nikapekua kwenye simu, nikauliza huku na huko, nikarudi na furushi la ushauri: afunge madirisha kabla jua halijazama, aweke wavu, awashe feni, afukie madimbwi yote yaliyo jirani na nyumba. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo. Kisha akauliza kwa upole, "Baba, dirisha la wapi?"

Alikuwa anaongea kutoka dunguni.

Ndugu msomaji, ikiwa hujawahi kulala dunguni, hebu nikueleze. Dungu ni kibanda cha miti na nyasi, mara nyingi kimeinuliwa juu ya nguzo ili maji ya mto yapite chini bila kukuaga. Ukuta wake, kama upo, ni wa kukinga upepo tu. Kwetu familia huhamia huko mvua zinapoanza, maana shamba la mpunga liko mbali na kijiji na halitaki kuachwa peke yake. Kuna kulima, kuna kupalilia, kisha mpunga unapotoa masuke kuna kazi ya kuamia ndege kutwa nzima, na usiku kuna nguruwe na viboko. Miezi minne, mitano, hata sita. Nyumba ya kijijini inabaki na kufuli, au na bibi pamoja na wanafunzi. Kwa hiyo mtu wa bondeni akisema "nyumbani", usiwe na haraka. Ana nyumba mbili.

Kusema kweli niliona aibu. Lakini nilipoanza kuchimba historia nikakuta kosa langu limenizidi umri. Karibu kila aliyepata kuzishauri kaya za bonde hili alikuja na picha ya nyumba kichwani, na nyumba hiyo haikuwa yetu.

Tuanze na Waingereza. Miaka ya 1940, kwa kuhofia ugonjwa wa malale, serikali ya kikoloni iliwaondoa watu wengi wa Ulanga, wilaya ambayo wakati huo ilibeba bonde hili pia, ikawaweka kwenye makazi ya pamoja mbali na mapori ya mbung'o. Hoja ya kitabibu ilikuwepo, siwezi kuikana. Ila mpunga haukuhamia nao. Mpunga ulibaki pale pale palipo maji, na mtu ilimbidi aufuate.

Kisha wakaja wanasayansi. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na mwaka 1957 ikaanzishwa pale maabara ambayo baada ya kubadilika mara kadhaa ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Hapa kuna kichekesho cha historia. Bonde letu limekuwa miongoni mwa sehemu ambazo mbu wake wamechunguzwa zaidi Afrika nzima. Mbu wetu wamehesabiwa, wamepimwa, wamepewa majina ya Kilatini. Nao bado wanakula.

Mwaka 1973 ndipo ushauri ulipotufikia kwa sauti kubwa. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12 Redio Tanzania ilirusha vipindi, na kote nchini watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi kusikiliza, kusoma vijitabu na kujadili. Sitaki niidharau kampeni ile, maana vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu, na sidhani kama nchi hii imewahi tena kukaa chini kwa wingi namna ile kuzungumzia afya yake. Lakini kwenye somo la malaria wananchi waliambiwa wafyeke majani kuzunguka nyumba na kufukia maji yaliyotuama. Sasa jamani, mwambie mkulima wa mpunga afukie maji yaliyotuama! Mbu wa malaria hana shida na majani yako. Yeye anataka maji yaliyotulia na kupigwa na jua, na jaruba la mpunga changa ndilo hilo hilo. Kumwambia mtu wa Kilombero afukie maji ni kumwambia afukie sufuria.

Mwaka huo huo, Novemba, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 watu wote wawe wamehamia. Kwetu vijiji vilipangwa kando ya barabara na kando ya reli ya TAZARA, iliyokuwa ikijengwa wakati ule. Shule ikawa karibu, zahanati ikawa karibu. Mashamba ndiyo yakawa mbali zaidi. Dungu, ambalo kwenye ramani ya mipango halikuwepo kabisa, likawa na umuhimu kuliko mwanzo.

Hapo ndipo tulipo sisi, watoto wa nyumba mbili.

Mwaka 1997 ukaja ushauri wa aina nyingine, nao ulikuwa na umbo la furushi. Ulikuwa mradi wa vyandarua wa Kilombero na Ulanga, ulioandaliwa na watafiti wa Ifakara. Chandarua chao kiliitwa Zuia Mbu, kikauzwa madukani kama sabuni na chumvi, pamoja na dawa ya kukilowekea. Waja wazito na wenye watoto wachanga walipewa hati punguzo, utaratibu ambao ulijaribiwa hapa kwetu kabla ya kusambazwa Tanzania nzima mwaka 2004. Watafiti walipochapisha matokeo yao mwaka 2001, walionyesha kwamba watoto wachanga wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa chini ya asilimia 10 mwanzoni, na baada ya miaka 3 walizidi asilimia 50. Kuhusu watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4, chandarua chenye dawa kilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika na kifo. Soma tena sentensi hiyo polepole. Hao ni watu niliosoma nao darasa moja.

Mimi nina maoni yangu kwa nini Zuia Mbu iliingia mahali ambapo vijitabu vilishindwa. Chandarua kinakunjika. Ukikifungua kamba, unakitia kwenye kapu pamoja na sufuria na mbegu, unavuka nacho mto, unakifunga dunguni. Ni ushauri wa kwanza ambao mama aliweza kuubeba kichwani.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba chandarua kilimaliza mambo. Masika ya 2002 mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 3, aliugua homa shambani. Alikuwa analala ndani ya chandarua kila siku. Tatizo ni kwamba kabla ya kulala mtu anakula, na kabla ya kula mtu anapika, na kwetu vyote hivyo hufanyika nje kando ya moto, saa moja, saa mbili, saa ambazo mbu naye yuko mezani. Mama alikuwa na vidonge vya klorokwini alivyovifunga kwenye pindo la khanga tangu mwaka uliotangulia. Akampa. Redio, ambayo tulikuwa nayo pale dunguni ikituliwaza wakati wa kuamia ndege, ilikuwa imeshatangaza kwamba klorokwini haifai tena. Nchi iliiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vimeizoea. Mama alilisikia tangazo hilo. Ila duka lenye dawa mpya lilikuwa ng'ambo ya maji.

Siku ya pili mtoto akashikwa na degedege. Baba na mjomba wakamtia kwenye mtumbwi, kisha kwenye baiskeli, na mimi nikikimbia nyuma na kandambili mkononi. Tulifika zahanati, ambayo siitaji jina, jua likizama. Nesi alimpokea mtoto vizuri, akamtundikia dripu, na mtoto akapona. Leo ana mguu wenye viatu namba 43. Lakini kabla hajamaliza, nesi alimgeukia mama akamwambia mbele za watu, "Nyie akina mama wa mashambani, si mmeambiwa mtoto akiwa na homa mumlete ndani ya saa 24? Hamsikilizi redio?"

Mama hakujibu. Alikuwa na tope mpaka kiunoni. Mpaka leo nikikumbuka ukimya ule naona joto usoni, maana redio tuliisikiliza kuliko nesi. Kilichokosekana ni mtu wa kusikiliza kutoka upande wa pili.

Na walipokuja kusikiliza, waliona nini? Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa na watu waliotoka kweli, wakaenda mashambani Kilombero. Wengi walidhani watakuta wakulima wamejiachia tu. Wakakuta zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaokaa shambani hulala ndani ya chandarua, ingawa wenye akiba ya dawa za malaria walikuwa wachache. Hakuna kijitabu kilichowafundisha kufunga chandarua kwenye nguzo za dungu. Walijiongeza wenyewe. Nyinyi washkaji mnaotunga hadithi za kijijini mkiwa Sinza, ambamo mkulima siku zote ni mtu wa kuelimishwa, huo utafiti ungewafaa.

Mwaka 2016 watafiti wa Ifakara wakasogea hatua nyingine. Waliwahesabu mbu wanaowauma wakulima wanaohama, wakawahoji wenyewe wanavyoishi, halafu wakabuni kibanda kisichoingiza mbu, kinachofunguliwa vipande na kubebeka. Kibanda cha kubebeka! Niliposoma habari hiyo nilisimama. Kumbe miaka yote hiyo tangu enzi za malale, hatimaye kuna mtu kachora nyumba yetu ya pili kwenye karatasi.

Nikampigia mama. Nilisubiri siku mbili apande kichuguu. Nikamweleza habari yote, kwa mbwembwe zote za mtoto aliyesoma. Akanyamaza kidogo, nikasikia ndege wakipiga kelele nyuma yake, na mtu akiwatupia udongo. Kisha akaanza maswali. Kina uzito gani? Kinaingia kwenye mtumbwi mmoja au miwili? Moto wa kupikia unakaa ndani au nje? Maji yakipanda usiku, kinainuliwaje? Na bei?

Nimeyaandika yote matano kwenye daftari. Nimesharudi kwenye ule utafiti nikatafuta, na la moto bado sijalipatia jibu la kumpelekea.