Gainsborough Old Hall: Nyumba ya Kibwana na Matumizi Yake

Neno "manor" la Kiingereza lina asili ya kitenzi cha Kilatini "manere", maana yake kukaa, nalo liliingia Uingereza kwa njia ya Kifaransa. Katika karne za kati neno hilo halikutaja nyumba peke yake, bali milki nzima: ardhi ya bwana, mashamba ya wakulima waliomtumikia, na baraza yake ya hukumu. Nyumba ilikuwa kitovu cha mambo hayo yote. Basi yafaa tuulize: utawala huo ukiisha, nyumba hubaki kuwa kitu gani? Mfano mmoja watosha kutuongoza, nao ni Gainsborough Old Hall, iliyoko katika jimbo la Lincolnshire, karibu na mto Trent.

Nyumba hiyo ilijengwa na Sir Thomas Burgh baina ya miaka ya 1460 na 1480 takriban. Sehemu yake kubwa ni ya mbao, na mnara wake ni wa matofali. Katikati pana ukumbi mkubwa, ambamo moto uliwashwa sakafuni na moshi ukatokea darini. Upande mmoja wa ukumbi lipo jiko. Upande wa pili vipo vyumba vya faragha vya bwana. Mpango huo wenyewe ni maandishi: aingiaye alisoma humo cheo chake kabla ya kuambiwa neno. Mwaka 1483 mfalme Richard wa Tatu alikaribishwa hapo, na mwaka 1541 Henry wa Nane.

Mwaka 1596 ukoo wa Burgh uliiuza nyumba kwa William Hickman, mfanyabiashara wa London. Hapo twaona dalili ya zama mpya: fedha ya biashara ilinunua heshima iliyopatikana zamani kwa upanga na kwa utumishi wa mfalme. Ukoo wa Hickman ulipohamia Thonock katika karne ya 18, nyumba iliachwa bila bwana wa kukaa ndani. Walakini haikuachwa bila kazi. Mwaka 1759 John Wesley alihubiri katika ukumbi ule ule wa karamu za kifalme. Baadaye palifumwa kitani, palichezwa michezo ya kuigiza, na vyumba vikagawanywa vikapangishwa kwa watu maskini.

Wengi huziita zama hizo zama za kuharibika. Hukumu hiyo yataka kupimwa. Nyumba ya mbao isiyokaliwa huvuja, na ivujayo huoza. Hapana shaka kwamba wafumaji, waigizaji na wapangaji waliikata nyumba vipande. Lakini maadamu ilikuwa na faida, hapakuwa na sababu ya kuibomoa. Majumba mengi yaliyobaki na fahari yake yalivunjwa na wenyewe ili wajenge mapya ya mtindo wa siku zao. Nyumba hii iliokolewa kwa kudharauliwa.

Mwaka 1949 wenyeji wa mji waliunda chama cha kuitunza, na mwaka 1970 ikakabidhiwa kwa taifa. Leo ni mahali pa makumbusho. Kazi hiyo yastahili sifa. Ila ina hatari yake. Arudishaye jengo katika sura ya karne ya 15 hana budi kuondoa alama za karne zilizofuata, na mara nyingi alama hizo ndizo ushahidi pekee wa watu ambao hawakuandika habari zao. Majina ya wakuu wa ukoo wa Burgh yamo katika nyaraka za wafalme. Ya mpangaji wa chumba kimoja hayamo.

Na neno nalo limefuata njia ya nyumba. "Hall", ambalo zamani lilikuwa jina la makao yote ya bwana, leo kwa Waingereza wengi ni ujia mwembamba nyuma ya mlango, mahali pa kutundika makoti. Mwanafunzi wa lugha hafuti maana ya baadaye kwa sababu ya kuipenda ya kwanza; huziandika zote kwa mpango wake. Atunzaye nyumba za kale naye afaa kufanya vivyo hivyo.