Kikomo Kilichogeuka Bei: Bunge la Uingereza na Ada za Vyuo Vikuu, 1962–2017

Insha hii inachunguza namna sheria zilizokusudiwa kudhibiti ada za vyuo vikuu nchini Uingereza, hususan England, zilivyoishia kuwa kipimo cha kuzipandishia.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1962 ilizitaka serikali za mitaa kuwalipia ada wanafunzi wa shahada ya kwanza. Utaratibu huo uliwezekana kwa kuwa wanafunzi walikuwa wachache. Idadi yao ilipoongezeka kwa kasi kuelekea miaka ya 1990, fedha za serikali kwa kila mwanafunzi zilipungua. Mwaka 1997 Kamati ya Ron Dearing ilipendekeza wahitimu wachangie gharama, na sheria ya mwaka 1998 ikaweka ada isiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka, kwa kuzingatia kipato cha familia.

Mwaka 2004 serikali ya Tony Blair iliwasilisha muswada wa kuviruhusu vyuo kujipangia ada, mradi zisizidi pauni 3,000. Muswada huo ulipita hatua ya kusomwa mara ya pili kwa kura 316 dhidi ya 311, ingawa chama tawala kilikuwa na wingi wa viti 161. Ilitarajiwa kwamba vyuo vingeshindana kwa bei. Hata hivyo, utaratibu ulipoanza mwaka 2006, karibu vyuo vyote vilitoza kiwango cha juu kabisa.

Tarehe 9 Desemba 2010, huku wanafunzi wakiandamana nje, Bunge lilipandisha kikomo hadi pauni 9,000 kwa kura 323 dhidi ya 302. Baadhi ya wabunge waliounga mkono walikuwa wamewaahidi wapiga kura kupinga nyongeza yoyote. Vyuo vingi vilikifikia kikomo hicho pia, na mwaka 2017 kilifika pauni 9,250.

Sababu zake ni mbili. Kwanza, ada ndogo ilionekana kuwa dalili ya elimu hafifu. Pili, mkopo wa serikali ulilipa ada yote papo hapo, na mwanafunzi akaanza kuurejesha baada ya kupata kipato cha kutosha. Hivyo tofauti ya bei haikumzuia.

Scotland ilifuata njia nyingine: mwaka 2008 Bunge lake lilifuta mchango wa wahitimu, na hazina ya umma ikabeba mzigo huo. Hivyo basi, kikomo peke yake hakipunguzi gharama ya elimu. Bunge linaloweka kikomo bila kuamua nani atalipa huwa limewatajia wauzaji bei.