Hifadhi ya Taifa ya Tijuca

Hifadhi ya Taifa ya Tijuca (kwa Kireno: Parque Nacional da Tijuca) ni hifadhi ya msitu iliyoko ndani ya jiji la Rio de Janeiro, Brazili. Ina eneo la karibu kilomita za mraba 40 kwenye milima inayotenganisha mitaa ya kusini ya jiji, iliyo upande wa bahari, na mitaa ya kaskazini. Ilianzishwa tarehe 6 Julai 1961 na inasimamiwa na Taasisi ya Chico Mendes ya Uhifadhi wa Bioanuwai (ICMBio), chombo cha serikali ya shirikisho. Ni miongoni mwa hifadhi za taifa ndogo kabisa za Brazili, lakini ndiyo inayotembelewa na watu wengi kuliko zote: mwaka 2023 ilipokea wageni zaidi ya milioni 4.

Wengi wao hupanda mlima Corcovado kuitazama sanamu ya Kristo Mkombozi, kisha huteremka bila kuingia msituni. Msitu wenyewe una jambo la kustaajabisha kuliko sanamu: sehemu yake kubwa iliwahi kukatwa ikawa mashamba, halafu ikarudishwa, kwa kupandwa na kwa kujiotea.

Historia

Milima ya Tijuca ilifunikwa na Msitu wa Atlantiki, ambao zamani ulienea kwenye sehemu kubwa ya pwani ya Brazili. Wakoloni Wareno walianza kuukata kwa ajili ya mbao, kuni na mkaa. Mibuni ilipofika Rio katika nusu ya pili ya karne ya 18, miteremko ya milima hiyo ikageuka mashamba ya kahawa. Kazi ya kukata miti, kupalilia na kuchuma ilifanywa na Waafrika waliotumikishwa utumwani. Wengi wao walitoka Kongo na Angola, na katika karne ya 19 idadi kubwa walisafirishwa kutoka Msumbiji.

Ardhi ilichoka upesi, na chemchemi zikaanza kukauka. Jambo hilo liliitia serikali wasiwasi, kwa kuwa jiji lilikunywa maji ya mito ya milima hiyo, hasa mto Carioca, ambao maji yake yalifikishwa mjini kwa mfereji uliopita juu ya matao ya Lapa. Ukame ulipoibana Rio mara kadhaa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, serikali ilianza kuyatwaa mashamba yaliyokuwa kwenye vyanzo vya maji. Mwezi Desemba 1861, chini ya utawala wa Kaisari Pedro II, ilitolewa amri ya kupanda na kutunza misitu ya Tijuca na Paineiras.

Kazi alikabidhiwa Meja Manuel Gomes Archer, aliyeisimamia hadi mwaka 1874. Walioanza kuchimba mashimo na kubeba miche walikuwa watumwa sita ambao kumbukumbu zimehifadhi majina yao ya kwanza tu: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Baadaye waliongezwa vibarua wa mshahara. Katika miaka 13 ya Archer, miche iliyopandwa inakadiriwa kufikia 100,000. Mingi ilikuwa ya miti ya asili, ingawa ilikuwemo pia ya kigeni kama mikaratusi. Sehemu nyingine za milima hazikuguswa na jembe la mpandaji. Ziliachwa zipumzike, na msitu ukajiotea wenyewe kutokana na mabaki yaliyosalia mabondeni na kwenye miinuko mikali.

Mrithi wa Archer, Baroni Gastão d'Escragnolle, aliendelea kupanda. Kwa msaada wa Mfaransa Auguste Glaziou, mbunifu wa bustani, aliongeza njia, madaraja, vidimbwi na mapango ya kujengwa ili watu wa mjini waje kupunga hewa. Baada ya ufalme kuanguka mwaka 1889 msitu ulisahauliwa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1940 mfanyabiashara Raymundo Ottoni de Castro Maya aliufufua, akishirikiana na mbunifu wa bustani Roberto Burle Marx. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza mandhari ya Rio, pamoja na hifadhi hii, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sehemu za hifadhi

Hifadhi si kipande kimoja cha ardhi. Imegawanyika katika sehemu nne, na kati yake zinapita barabara na mitaa ya watu.

*Msitu wa Tijuca* ndiyo sehemu iliyopandwa na Archer. Hapa pana maporomoko ya maji ya Taunay, kanisa dogo la Mayrink na kilele cha Tijuca, chenye urefu wa mita 1,021, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote vya hifadhi.

*Serra da Carioca* ina Corcovado (mita 710) na sanamu ya Kristo Mkombozi, iliyozinduliwa tarehe 12 Oktoba 1931. Sanamu ina urefu wa mita 30 na imesimama juu ya msingi wa mita 8. Katika sehemu hii pia kuna Vista Chinesa, kibanda cha mtindo wa Kichina kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Parque Lage, bustani yenye jumba la zamani chini ya mlima.

*Pedra Bonita na Pedra da Gávea* ni majabali mawili yanayotazama bahari. Pedra Bonita ina jukwaa ambalo warukaji hujirusha kwa mabawa ya kitambaa na kutua ufukweni São Conrado.

*Pretos Forros na Covanca*, upande wa kaskazini-magharibi, ndiyo sehemu isiyofikiwa sana na wageni.

Mimea na wanyama

Msitu ulirudi kabla ya wanyama wake. Uwindaji ulikuwa umewamaliza wengi, na kwa kuwa jiji limeuzunguka pande zote, hawakuwa na njia ya kurudi wenyewe. Hali hiyo huathiri hata miti: mbegu kubwa zisipopata mnyama wa kuzisambaza huoza pale pale chini ya mti mama. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa mradi wa Refauna wamerudisha wanyama hatua kwa hatua. Mwaka 2010 walianza na aguti, mnyama wa jamii ya panya mwenye ukubwa wa sungura. Aguti hufukia mbegu ardhini kama akiba, na zile asizozirudia huota. Mwaka 2015 walifuata kima wanaounguruma, na mwaka 2020 kobe wa miguu ya manjano. Tukani, ndege wa mdomo mkubwa, walikuwa wamerudishwa tangu miaka ya 1970.

Mnyama ambaye mgeni humwona kwa urahisi zaidi ni kuati, mwenye pua ndefu na mkia wa pete nyeusi. Hutembea kwa makundi, na amezoea kupekua mifuko ya watu wanaokula nje.

Baadhi ya mimea ni ya kigeni, na mmoja wake anaujua kila mtu wa Unguja na Tanga: mfenesi. Wareno waliuleta kutoka Asia, ukapatana na hali ya hewa ya Rio, na sasa umeenea kiasi cha kuibana miti ya asili, hivyo wasimamizi huupunguza. Pembezoni mwa njia zenye unyevu huonekana pia maua ya waridi, mekundu na meupe ambayo Wabrazili huyaita maria-sem-vergonha. Asili yake ni Afrika Mashariki. Mwaka 1882 yalipewa jina la kisayansi *Impatiens sultani* kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, ingawa leo wataalamu hutumia jina *Impatiens walleriana*.

Kutembelea

Lango kuu la Msitu wa Tijuca liko kwenye uwanja wa Afonso Viseu, mtaa wa Alto da Boa Vista. Kuingia sehemu hii ni bure. Hufunguliwa kila siku kuanzia saa 2 asubuhi na hufungwa jioni. Maporomoko ya Taunay yako karibu na lango na humfaa hata mtu asiyeweza kutembea sana.

Njia ya kilele cha Tijuca huanzia Bom Retiro, mwisho wa barabara ya gari. Inapanda polepole kivulini, na haina shida mpaka kwenye jabali la mwisho. Hapo pamechongwa ngazi 117 mwambani, zenye minyororo ya kushikilia, ambazo zilitengenezwa mwaka 1920 kwa ajili ya ziara ya Mfalme Albert I wa Ubelgiji. Juu, ghuba ya Guanabara na mitaa ya kaskazini huonekana kwa pamoja, pasipo msongamano wa Corcovado.

Corcovado hufikiwa kwa treni ya reli ya meno kutoka Cosme Velho, iliyofunguliwa mwaka 1884, au kwa mabasi madogo yaliyoidhinishwa. Njia zote mbili hulipiwa, na ni vyema kununua tiketi mapema. Wenye nguvu hupanda kwa miguu kutoka Parque Lage. Njia ni fupi lakini kali. Pedra da Gávea ni safari ya wazoefu: karibu na kilele kuna ukuta wa mwamba ambao wengi huupanda kwa kamba na kiongozi.

Mvua ni nyingi milimani, na huzidi katika miezi ya Desemba hadi Machi, wakati ambapo mawe huteleza na maporomoko ya ardhi hufunga barabara. Asubuhi ya siku isiyo na mawingu ndiyo saa bora. Wizi wa kutumia nguvu umewahi kutokea kwenye njia zilizojitenga, hivyo inashauriwa kutembea kwa kundi, kuacha vito nyumbani na kuwauliza askari wa hifadhi hali ya njia kabla ya kuanza. Chanjo ya homa ya manjano nayo inapendekezwa kwa wanaozuru eneo hili.

Kulisha wanyama, kuwasha moto na kuchuma mimea ni marufuku. Mgeni mwenye siku moja tu aigawe: asubuhi msituni, Corcovado baadaye. Anayeishia kwenye sanamu ataondoka ameliona jiji, bila kuiona hifadhi.