Mkono Nyuma ya Bega

Jioni ya tarehe 12 Oktoba 1997, ndege ndogo ya viti viwili iliruka kutoka uwanja wa Monterey, katika jimbo la California, Marekani. Ndani yake alikuwamo rubani peke yake. Mara tatu aligusa ardhi na kuinuka tena, kisha akaelekea baharini. Haukupita muda mrefu ndege ikainamisha pua na kutumbukia katika ghuba, karibu na mji wa Pacific Grove. Rubani huyo alikuwa John Denver, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo, mwenye umri wa miaka 53. Walimwengu walimlilia mwimbaji. Wachunguzi walishughulika na kitu kidogo mno, nacho ni mkono wa vali ya mafuta.

Ndege hiyo haikutoka kiwandani. Ilikuwa ya aina ya Long-EZ, iliyobuniwa na Burt Rutan na kuruka kwa mara ya kwanza mwaka 1979. Rutan aliuza michoro, na mnunuzi akajijengea mwenyewe kwa povu gumu na nyuzi za kioo. Sheria ya Marekani humruhusu mtu kufanya hivyo, madhali sehemu kubwa ya kazi imefanywa kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Wala haimlazimishi kuufuata mchoro neno kwa neno. Rutan aliiweka vali ya kuchagulia tangi baina ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege hii hakutaka mafuta yapite mahali anapokaa rubani, basi akaiweka ukutani, nyuma ya bega la kushoto. Mkono wake haukutiwa alama yoyote. Mwenye kuijenga hakuhitaji alama. Lakini ndege iliuzwa, na ujuzi wa mjenzi haukuuzwa pamoja nayo.

Denver hakuwa mgeni wa anga: alikwisharuka kwa saa zaidi ya 2,700. Alikuwa mgeni wa ndege ile tu. Kabla ya safari, yeye na fundi waliona kwamba vali haifikiki kwa urahisi. Wakajaribu kuurefusha mkono wake kwa koleo, isifae. Fundi akampa kioo cha kutazamia vipimo vya mafuta vilivyokuwa nyuma yake. Mafuta hayakuongezwa.

Ili kuigeuza vali, rubani alipaswa kuuacha usukani wa mkono wa kulia na kujipinda kushoto. Na mwili unapojipinda hivyo, mguu wa kulia huelekea kukanyaga pedali bila ya kukusudia. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha mwaka 1999 kwamba hivyo ndivyo ndege ilivyomponyoka. Ilitaja pia kutojaza mafuta, mahali pa vali, ukosefu wa alama na uchache wa mafunzo.

Wapendao hukumu nyepesi humtafuta mkosa mmoja: ama mjenzi aliyeuacha mchoro, ama rubani aliyeiona kasoro akaruka nayo. Uchunguzi haukuwapa raha hiyo. Mjenzi alikimbia hatari moja akaiacha nyingine kwa atakayemfuata. Naye aliyemfuata aliiona akaiahirisha. Lau tangi lingalijazwa, mkono ule usingalihitajiwa; na lau mkono ungalikuwa mahali pake, upungufu wa mafuta usingaliua.