Sera ya Uchangiaji wa Huduma za Afya Tanzania: Ahadi na Matokeo Yake
Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ya Tanzania iliahidi matibabu bila malipo, na katika miaka ya 1970 zahanati na vituo vya afya vilienea vijijini. Mgogoro wa uchumi uliofuata uliviacha vingi bila dawa za kutosha. Hivyo, mwaka 1993 ulianzishwa uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali, kwa ahadi mbili: fedha hizo zingeboresha huduma, na asiyeweza kulipa asingenyimwa matibabu.

Ahadi ya kwanza ilitimia kwa sehemu, kwani ada ziliwezesha hospitali kununua baadhi ya dawa na vifaa. Ya pili iliyumba. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, na hali yao ilionekana kwa macho. Umaskini ulihitaji kuthibitishwa. Zaidi ya hayo, aliyetakiwa kutoa msamaha ni hospitali ileile iliyotegemea ada.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001, ulikusudiwa kupunguza mzigo huo kwa mchango wa kaya wa kila mwaka. Lakini kaya nyingi hazikujiunga.

Kwa hiyo, sera haikuwasahau maskini, kwani iliwataja. Kasoro yake ni kutobainisha nani angebeba gharama ya msamaha wao. Swali hilo ndilo lililorithiwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.